Jina Halikurudi Peke Yake

Tangu tutangaze toleo hili la majina ya visiwa, barua zimemiminika, na nyingi zinaimba wimbo uleule: jina jipya halimshibishi mtu. Mfano wao ni Haida Gwaii, visiwa vya pwani ya magharibi ya Kanada. Eti mwaka 2010 jimbo la British Columbia lilifuta "Queen Charlotte" kwenye ramani, likapigiwa makofi, yakaisha.

Sijui kama waandishi wa barua hizo waliisoma sheria. Sheria ileile iliyobadili jina ndiyo iliyounda baraza la usimamizi: wajumbe wawili wa Wahaida, wenyeji wa visiwa hivyo, wawili wa jimbo, na mwenyekiti anayeteuliwa na pande zote mbili. Baraza hilo ndilo hupanga kiasi cha miti kinachoruhusiwa kukatwa visiwani kwa mwaka. Nalo halikushuka kama mvua. Mwaka 1985 wazee wa Kihaida waliketi barabarani katika kisiwa cha Lyell kuwazuia wakataji magogo, wakakamatwa. Mwaka 2004, katika kesi ya leseni ya kampuni ya mbao, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba serikali ina wajibu wa kushauriana na Wahaida. Jina lilipita njia hiyohiyo.

Siku ya hafla Wahaida waliliweka jina la zamani ndani ya sanduku la mwerezi, lile ambalo ubao wake hukunjwa kwa mvuke, wakamkabidhi Gordon Campbell, kiongozi wa serikali ya jimbo. Mchangiaji wetu mmoja anaiita hafla hiyo igizo. Mimi naiita makabidhiano: nahodha George Dixon aliviachia visiwa jina la meli yake mwaka 1787, na wenyeji wamelirudisha bila deni. Aprili 2024 jimbo likatia saini mkataba wa kutambua kwamba visiwa vyote ni ardhi ya Wahaida. Wanaodai kwamba jina huzima madai ya ardhi watueleze hilo.

Makala ya Bioko, kisiwa kilichobandikwa jina la rais Macías Nguema wa Guinea ya Ikweta miaka ya 1970, inajitosheleza, isomwe. Ile ya Ziwa Victoria, ingawa ziwa si kisiwa, nimeiweka mwisho kwa makusudi. Nilimwomba mwandishi aanze na leseni za uvuvi na nani anazitoa. Akaniletea kurasa nane za malkia.