Aibu ya Kuazima

Hoja moja husikika mabarazani Chang'ombe na katika kumbi za wasomi wa Dodoma vilevile: kwamba vifaa vya ngono ni uchafu wa Kizungu ulioingia juzi kwa meli na simu, na kwamba mila za Mwafrika hazikuvijua kamwe. Husemwa kwa sauti kuu, na asemaye hupigiwa makofi. Lakini makofi si ushahidi, na hoja iliyosimama juu ya historia ya uongo haina budi kuanguka, hata ikiwa nia ya aliyeisimamisha ni njema.

Historia yasema vingine. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Herodas, mtunzi wa Kiyunani, aliandika mchezo mfupi ambamo wanawake wazungumza juu ya kifaa cha ngozi cha namna hiyo, kazi ya fundi viatu. Kama hayo ni ya mbali, basi na yatazamwe ya pwani ya karibu. Mwaka 1899 jarida la wataalamu wa mila lilichapa mjini Berlin taarifa fupi iliyotokana na habari za Oscar Baumann, aliyepata kuwa konseli wa Austria-Hungaria huko Unguja. Taarifa hiyo yaeleza uume wa kuchonga, wa mpingo na pengine wa pembe za ndovu, uliofanywa na mafundi Waafrika na Wahindi, ukauzwa kwa siri. Mpingo ni mti wa Afrika, na patasi ilikuwa mkononi mwa fundi wa Unguja. Ni kweli Baumann alikuwa mgeni, na aliyatazama mambo kwa jicho la dharau la zama zake. Illa dharau yake siyo iliyochonga mti.

Kilichosafiri ni aibu. Uingereza ilitunga sheria ya machapisho machafu mwaka 1857. Mwaka 1923 mataifa yalikutana Geneva, yakatia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya maandishi, michoro, picha na kila kitu kingine cha aibu. Maneno ya mkataba huo yamo, karibu yote, katika kifungu cha 175 cha Kanuni ya Adhabu, ambayo Tanganyika iliirithi kwa Waingereza na Tanzania ingali nayo. Basi akishikaye kifungu hicho na kukiita sauti ya mababu, asoma Geneva akidhani asikiliza Ugogo.

Mababu walikuwa na haya, tena haya kali, lakini ilikuwa na kanuni nyingine. Katika unyago wari walifundishwa mwili na ndoa waziwazi, na kungwi hakumung'unya maneno. Hans Cory, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya sanamu za jando na unyago wa Tanganyika, aliweka kumbukumbu ya sanamu za udongo walizooneshwa wari. Sanamu hizo hazikuwa vifaa vya starehe; zilikuwa vitabu. Walakini zathibitisha kwamba mila iliuliza kwanza: nani aone, lini, na mbele ya nani? Sheria ya kuazima huuliza: kitu gani kipigwe marufuku? Maswali hayo mawili si ndugu.

Wadaio kinyume, kwamba zamani Mwafrika aliishi bila mpaka, nao wakosea. Siri ya unyago ililindwa, na asiyefikia umri hakukaribishwa. Kuiga duka la London na kuliita unyago ni kosa lilelile lililogeuzwa upande.

Tena mila peke yake si hoja timilifu. Katika nyanda hizi za kati mila ilishika pia kisu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 47 ya wanawake wa mkoa wa Dodoma, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wamekeketwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikuwa imekwisha kuharamisha ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18. Mwaka huohuo jimbo la Alabama, Marekani, lilipiga marufuku uuzaji wa vifaa vya ngono. Na zipimwe sheria hizo: moja ilimwondolea msichana kisu; nyingine ilimwondolea mwanamke mtu mzima kitu asichomdhuru mtu kwacho. Ipi yastahili kuitwa mlinzi wa maadili? Hata hivyo msemaji wa barazani hupaza sauti juu ya kijiti, na juu ya kisu huinamisha macho. Kinachomuudhi si madhara. Ni raha ya mwanamke isiyoomba ruhusa kwake.

Yako mambo ya haki ya kuulizwa. Watoto wakingwe. Asilazimishwe mtu. Kitu cha kuingia mwilini kisifanywe kwa malighafi yenye sumu, maana biashara ya gizani haina mkaguzi, na aliyeumizwa nayo huona haya kumwambia mganga. Haya ndiyo maswali ya kungwi: nani, lini, kwa namna gani. Yajibiwe kwa akili na kwa rehema. Mwenye kutaka kukataza ana haki ya kutoa sababu zake. Hana haki ya kuwasingizia wafu kwamba ndio waliompa.