Ndoa Isiyo na Karatasi Haivuki Bahari

NENO LA MTAA
Na Hamisi Ndahani, Chang'ombe, Dodoma

Anayehuisha pasipoti au kusajili ndoa akiwa ughaibuni husimama mbele ya dirisha la ubalozi, lakini jibu atakalopewa pale lilishaandaliwa nyumbani alikotoka. Afisa wa konseli aliyeko Muscat au Abu Dhabi hakuwepo siku mahari ilipopokelewa Chang'ombe. Hamjui shehe, hamjui mchungaji, hamjui mwenyekiti wa mtaa. Anachoweza kusoma ni kile kilichoandikwa na kupigwa muhuri huku kwetu. Kama hakikuandikwa, hana la kusoma, na mzigo wote unamrudia mama mzazi aliyebaki Dodoma na simu yake ya kitochi.

Ninaandika haya kwa sababu Chang'ombe inawapeleka watoto wake mbali. Hapa tunaishi Wagogo, Warangi, Wanyaturu na wengine wengi waliofuata makao makuu, na si kazi kupata nyumba yenye mtu "aliyeko Uarabuni". Wapo waliokwenda kufanya kazi za ndani, wapo madereva, wapo waliowafuata waume zao. Pesa wanazotuma zinalipa ada za shule na kuezeka mabati. Makaratasi yao ni jambo la kata nzima.

Wakazi wa zamani wa kata hii wanaijua thamani ya karatasi kuliko watu wengi wa mjini. Chang'ombe ilijengwa na watu kwanza, ramani ikaja nyuma. Tangu Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilipoundwa mwaka 1973 hadi Rais John Magufuli alipoivunja Mei 2017, mabishano yalikuwa yale yale: nani ana hati, nani hana. Mtu aliweza kukaa kwenye nyumba yake, akazaa na kuzika humo, majirani wote wakamtambua, na bado mbele ya meza ya ofisi akaitwa mvamizi. Ndoa isiyosajiliwa iko hivyo hivyo. Mtaani inatambulika, mezani haionekani.

Jirani yangu mmoja ana binti aliyeolewa hapa hapa kwa nikahi halali. Posa ilipokelewa, mahari ikatolewa, walii na mashahidi walikuwepo, ubwabwa ukaliwa mpaka jioni. Majina ya bwana na bibi harusi yakaandikwa kwenye daftari la kawaida la shule, na mambo yakaishia hapo. Baadaye mume akapata kazi katika nchi moja ya Ghuba, mke akamfuata. Pasipoti yake ilipokaribia kwisha alitaka mpya yenye jina la mume, na ndoa yao itambulike rasmi, maana kibali chake cha kuishi kilitegemea kuwa yeye ni mke. Dirishani akaulizwa cheti cha ndoa. Hakuwa nacho.

Kuanzia siku hiyo kazi ilikuwa ya mama yake. Akamtafuta shahidi wa kwanza, amefariki. Wa pili amehamia Kahama. Daftari la shehe lilikuwa limelowa mvua. Ikabidi kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuchukua barua ya utambulisho, kwa wakili kula kiapo, bomani kuulizia namna ya kusajili ndoa ambayo wahusika wenyewe hawapo nchini. Kila ofisi iliuliza swali la haki, na kila swali lilizaa safari nyingine. Huku nyuma kibali cha binti kikizidi kwenda na maji. Mama huyu hakutendewa ubaya na afisa yeyote. Alikuwa anatafuta kitu ambacho hakikupata kuandikwa.

Wengine watasema sheria yetu ni kali mno kwa watu wa namna hii. Sivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina huruma kuliko tunavyodhani. Inatambua ndoa za dini, za kiserikali na za kimila. Waliooana kimila inawataka waombe usajili ndani ya siku 30, lakini pia inasema ndoa iliyotimiza masharti mengine haibatiliki kwa sababu tu haikusajiliwa. Kifungu cha 160 kinakwenda mbali zaidi: mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi, jamii ikiwajua kama mume na mke, sheria huwachukulia kuwa wameoana, mpaka atakapotokea mtu kuthibitisha vinginevyo. Kwa walioko nje, sheria hiyo hiyo ina vifungu vya ndoa zinazofungwa kwenye balozi zetu, na inatambua ndoa zilizofungwa ugenini kwa kufuata sheria za huko.

Ulinzi wote huo, hata hivyo, hufanya kazi mbele ya hakimu wa Tanzania. Hakimu anaweza kumwita jirani, akamsikiliza mshenga, akapima ukweli. Afisa wa konseli hana mamlaka hayo, na afisa wa uhamiaji wa Oman au wa Falme za Kiarabu hana hata sababu ya kuyataka. Yeye anataka karatasi yenye muhuri anaoweza kuuhakiki. Ndoa inayolindwa Dodoma kwa ushahidi wa wazee, ikifika Ghuba inakuwa maneno matupu.

Pasipoti nayo imebadilika. Tangu tarehe 31 Januari 2018, ilipozinduliwa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, maombi yamefungamana na kumbukumbu nyingine za mtu. Mwombaji hujaza fomu kwa mtandao, hulipia kwa namba ya malipo, kisha hufika mwenyewe kutoa alama za vidole. Hapa nyumbani ada ni Sh 150,000. Huombwa namba ya kitambulisho cha taifa kutoka NIDA na cheti cha kuzaliwa, na majina yote yanatakiwa yalingane, herufi kwa herufi. Hapo ndipo watu wetu hukwama. Shuleni aliandikwa Mwajuma, NIDA ikaandika Mwanajuma, nyumbani anaitwa jina la bibi yake, na sasa anataka kuongeza jina la mume bila cheti cha ndoa wala hati ya kubadili jina. Kwa dada zangu walioko huko nina ushauri mmoja: hakuna sheria inayomlazimisha mke kuchukua jina la mumewe. Kama makaratasi hayajakaa sawa, huisha pasipoti kwa jina lako lile lile, na uanze mapema. Nchi nyingi hazimpokei mgeni ambaye pasipoti yake imebakiza chini ya miezi 6, kwa hiyo anayengoja mwezi wa mwisho amekwisha kuchelewa.

Anayeumia kuliko wote ni mtoto. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi anaweza kuwa Mtanzania kwa kurithi, kwa baba au kwa mama, kama mzazi huyo hakuupata uraia wake mwenyewe kwa njia hiyo hiyo ya kurithi. Kwenye karatasi ni haki nzuri, isiyobagua mama. Lakini katika nchi nyingi za Ghuba, mzazi anayekwenda kuandikisha kizazi huulizwa kwanza cheti cha ndoa. Asipokuwa nacho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinakwama. Kikikwama hicho, ombi la pasipoti yake ya kwanza nalo halina pa kushika. Uzembe wetu wa siku moja ya harusi unamfanya mtoto mchanga asiwe na nchi inayomwandika jina.

Najua pia upande wa pili. Pasipoti ya Tanzania inatamaniwa na watu wasio Watanzania. Vyeti vya kughushi vipo, na wapo wanaotumia ndoa za uongo kusafirisha wasichana. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Novemba 2017 kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, ilieleza jinsi waajiri wanavyochukua pasipoti za wanawake hao na kukaa nazo. Mwanamke wa namna hiyo akifika ubalozini mikono mitupu, afisa hana budi kuhakikisha yeye ni nani kabla ya kumpa hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Afisa anayekikataa kiapo cha haraka haraka analinda watu hao hao. Sitaki milango ilegezwe. Nataka mtu mkweli awe na cha kuonyesha.

Akishakipata cheti, bado kina safari. Cheti cha Tanzania kinachokwenda kutumika nje huhakikiwa na RITA, wakala wa usajili, hupigwa muhuri na Wizara ya Mambo ya Nje, kisha hupelekwa kwenye ubalozi wa nchi kinakokwenda. Wizara imehamia Mtumba, jirani kabisa na sisi, lakini balozi za nchi hizo bado ziko Dar es Salaam. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imepunguza uchovu, haikupunguza madirisha. Na kama mume ni wa Unguja au Pemba, kuna ofisi nyingine tena, kwa sababu RITA na Sheria ya Ndoa ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina wakala wake wa usajili wa matukio ya kijamii na taratibu zake za kadhi. Binti wa Chang'ombe na kijana wa Unguja wakioana wawe na uhakika, kabla hawajapanda ndege, ndoa yao imeandikwa kwenye daftari lipi.

Nini kifanyike? La kwanza limeshafanyika kwa jambo jingine, kwa hiyo hakuna wa kusema haliwezekani. Mwaka 2013, kuanzia Mbeya, RITA ilianza kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, cheti kikatolewa papo hapo bila malipo, na taarifa zikatumwa kwa simu ya mkononi. Mpango ule ulisambaa mkoa baada ya mkoa. Mama aliyekuwa akienda bomani na kurudi mikono mitupu sasa anaondoka kituo cha afya na cheti cha mwanawe. Usajili wa ndoa uwekwe pale pale, kwa mtendaji wa kata. Shehe na mchungaji wenye leseni wapeleke kumbukumbu zao huko ndani ya juma la harusi, na waliooana kimila au kuishi pamoja miaka mingi wapangiwe siku maalumu za kusajiliwa katika mitaa yao, majirani wakiwepo kutoa ushahidi wakiwa bado hai.

La pili, madaftari yasomane. RITA, NIDA, Uhamiaji na wakala wa Zanzibar wote ni watumishi wa dola moja. Ndoa iliyoandikwa Chang'ombe ionekane kwenye kompyuta ya konseli aliyeko Muscat bila mama wa mtu kupanda basi. Ufilipino, nchi yenye wafanyakazi wengi ughaibuni kuliko sisi, raia wake anayeoa au kuolewa nje huitolea taarifa ndoa yake kwenye ubalozi au konseli, na taarifa hiyo hupelekwa kwenye daftari la taifa nyumbani kwao.

La tatu, huduma iwafuate watu. Dada wa kazi aliyeko Salalah hawezi kumwomba mwajiri ruhusa ya kwenda Muscat, mji ulio mbali naye kama sisi tulivyo mbali na pwani, na zaidi. Maafisa wetu wapewe bajeti na vifaa vya kuchukulia alama za vidole, wazunguke kwa ratiba inayojulikana.

Na sisi wenyewe tuna sehemu yetu. Wazee wa posa hukaa usiku kucha wakihesabu mahari, mkaja wa mama, blanketi la babu. Hapo hapo waulize: cheti kitatolewa na nani, na lini? Baba asimwachie binti yake aondoke kwenda Ghuba kabla hajakiona cheti hicho, akatoa nakala na kuitunza nyumbani. Shehe na mchungaji wakatae kufungisha ndoa ambayo hawatairipoti. Haya hayagharimu hata robo ya fedha ya jukwaa na muziki.

Bunge linakaa hapa Dodoma, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka kwetu, na kila mwaka bajeti za wizara hizi husomwa humo. Wabunge wetu hupita mitaani kuomba kura na kuhudhuria harusi zetu. Basi wakija tena tuwaulize jambo moja, na tusiwaachie mpaka walijibu: ni lini mwananchi wa Chang'ombe atapata cheti cha ndoa kwenye ofisi ya kata yake, siku ile ile aliyooa, kama anavyopata leo cheti cha mtoto wake?