Wapiga Kura Hawakuvuka

Mwaka 2018 ulikuwa mwaka wa viongozi kuvuka. Tarime, Serengeti, na hata huko Ukerewe ng'ambo ya maji, mazungumzo ya barazani yalikuwa hayo hayo: nani kavuka, kavushwa na nini, na amewaachia nini waliomtuma.

Ndugu Mwita Waitara, mwenyeji wa Tarime, ndiye aliyegawanya watu zaidi. Mwaka 2015 alichaguliwa Mbunge wa Ukonga, Dar es Salaam, kwa tiketi ya CHADEMA. Julai 2018 alihamia CCM. Septemba akairudia Ukonga ile ile kwa kadi mpya, akashinda. Novemba akawa Naibu Waziri, TAMISEMI. Miezi minne ilikuwa haijatimia. Uchaguzi Mkuu wa 2020 ukamleta nyumbani, Tarime Vijijini, akakitwaa kiti cha Ndugu John Heche wa CHADEMA. Desemba akapewa unaibu katika Ofisi ya Makamu wa Rais, Muungano na Mazingira. Mwaka uliofuata akahamishiwa Ujenzi na Uchukuzi, na Januari 2022 akaachwa nje ya serikali.

Wako wanaomwita msaliti. Wako wanaosema alikwenda kunakofanyika kazi. Sisi twaona pande zote mbili zinapima moyo wa mtu, jambo ambalo ni la Mola peke yake. Kipimo cha raia kimo katika Katiba, Ibara ya 71: mbunge akiacha chama kilichompeleka Bungeni, kiti chake kinakoma. Maana yake ni kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe, naye mwenyewe ndiye anayeamua kumpa tena au kumnyima.

Ukonga walipiga kura. Serengeti je? Ndugu Marwa Ryoba naye alitoka CHADEMA mwaka huo huo, akapitishwa bila kupingwa. Ukerewe, Ndugu Joseph Mkundi vivyo hivyo. Wananchi hawakuvuka, walivushwa wakiwa majumbani mwao. Tunayasema haya tukiwa makada wa chama kilichonufaika, wala hatuoni haya. Ushindi usio na sanduku la kura haumwambii katibu wa tawi ni watu wangapi wako pamoja naye. Mwaka 2020 kiti cha Serengeti kilichukuliwa na Ndugu Amsabi Mrimi, wa CCM pia.

Liko jambo jingine lisilosemwa sana. Naibu Waziri hutokana na wabunge, lakini akisha kuapishwa hujibu maswali badala ya kuyauliza. Jimbo hupata mkubwa na kupoteza msemaji. Mgogoro wa mipaka kati ya vijiji vya Tarime na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ulipopamba moto, Ndugu Waitara alikuwa amekwisha kurudi viti vya nyuma, na huko ndiko alikoweza kuisemea ardhi ya waliomchagua. Je, angeweza kusema vile akiwa bado amekalia kiti cha serikali? Tuna shaka kubwa. Ndugu zetu wa visiwani wanalielewa hili, maana waliiona Operesheni Sangara ya 2018 na nyavu zilivyoteketezwa, na wanajua thamani ya mbunge mwenye ulimi huru siku kama zile.

Kwa hiyo maneno yetu ya mwisho ni kwa maofisa, si kwa wanasiasa. Mwananchi wa mpakani hana haja ya kujua mbunge wake ana kadi ya rangi gani ndipo ajue ng'ombe wake wanakomea wapi. Maofisa wa Hifadhi na wa Ardhi na waje na ramani hadi vijijini, waisome hadharani mbele ya wazee wa mila, waoneshe kila alama ilipo na sababu ya kuwekwa hapo, na wayapokee maandishi ya wanaopinga kabla ng'ombe hata mmoja hajakamatwa.