Upepo wa Magurudumu na Migongo Yetu



Wapo matajiri wenye malori ya zamani ya jeshi wasemao kwamba dereva anayelalamikia mgongo ni mvivu. Tunakataa! Springi za malori hayo zilitengenezwa kwa mzigo mzito. Lori likiwa tupu hazinepi. Na magurudumu yakiachwa na upepo wa mzigo kamili, kila shimo humpiga dereva na taniboi wake. Dereva akipunguza upepo, safari huwa laini. Lakini akipakiwa tena mzigo na kuambiwa akimbie juu ya lami bila pampu, mpira hushika moto na kupasuka. Hapo tajiri humkata mshahara.

Mwaka 1942 Wamarekani walitengeneza gari la jeshi liitwalo DUKW. Dereva aliongeza au kupunguza upepo akiwa kitini mwake: ratili 10 mchangani, 40 barabarani. Basi hata jeshi, katikati ya vita, lilijua kwamba upepo hufuata njia na mzigo.

Sisi hatuombi mtambo kama huo. Twadai geji, pampu, na karatasi ionyeshayo upepo wa kila mzigo. Asiyetoa geji asimtoze mtu gurudumu.

Umoja ni nguvu!