Tuwatembelee Jirani: Pangani

Mwezi huu twawachukua hata Pangani, kusini ya Tanga, mahali ambapo mto utokao Kilimanjaro na Meru huingia baharini. Mji uko upande wa kaskazini wa mto, na ng'ambo yake ni Bweni. Ni mahali pa utulivu: minazi, mikoko, ngalawa za wavuvi, na nyumba za kale zilizobambuka chokaa. Mgeni apitaye kwa haraka husema, "Hapa hapana neno." Asema hivyo kwa kuwa hajaambiwa.

Katika karne ya 19 kingo za mto huu zilikuwa mashamba ya miwa. Wenyewe walikuwa Waarabu, na wenye kulima walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Sasa fikirini kazi yenyewe. Muwa ukiisha kukatwa haungoji. Maji yake huchacha upesi. Kwa hiyo hauna budi kushindikwa mara moja, na maji yake kuchemshwa hata yagande kuwa sukari. Basi wakati wa mavuno mtumwa hakuwa na pumziko. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba hayo waliasi, na watoro wakajifanyia makao yao mahali paitwapo Makorora.

Tena mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipokuja kuitwaa pwani, watu waliinuka, na kiongozi wao alikuwa Abushiri bin Salim. Alikamatwa, akanyongwa papo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Watu humsifu kwa ushujaa wake, na ni haki. Lakini Abushiri naye alikuwa na shamba la miwa, nalo lililimwa na watumwa. Mambo hayo mawili ni ya mtu mmoja. Asimuliaye moja tu amesimulia nusu.

Baadaye miwa iliachwa. Mkonge ulipandwa Kikogwe mwaka 1893, ukaenea nchini. Na utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Lakini sheria haikuwahamisha watu. Wajukuu wa walionunuliwa na wajukuu wa walionunua walibaki mji mmoja, wakavua pamoja, wakaozana, wakazikana.

Kwa sababu hiyo twawaomba neno, ninyi mtakaokwenda. Mkifika, pigeni hodi, mkawaamkie wazee kwanza. Haja yenu na ingoje. Ulizeni habari za mto, za samaki, za nazi. Lakini msimwulize mtu, "Babu yako alikuwa mtumwa au mwungwana?" Swali hilo kwa mgeni ni udadisi tu, bali kwa mwenyeji ni jeraha, tena laweza kuwatenga majirani waliokwisha kupatana. Mzee akipenda kusimulia, msikilizeni hata mwisho, wala msimkatize.

Hata hivyo msidhani kunyamaza ni kusahau. Wazazi, watoto wenu watiapo sukari katika chai, waambieni kwamba palikuwa na siku ambapo utamu huo ulitoka katika jasho la watu wasiolipwa, hapa hapa pwani yetu. Mtoto aliyelijua hilo hatamdharau mtu kwa ajili ya asili yake, wala hatazuia ujira wa kibarua atakapokuwa mwenye shamba.