Mbunge Asiende Dodoma Mikono Mitupu

Kila mwaka, mawingu meusi yanapojikusanya juu ya Ziwa Victoria na kuielekea Bukoba, Waheshimiwa nao hufunga mizigo yao kuelekea Dodoma. Si fumbo hilo, ni kalenda. Mkutano wa bajeti huanza Aprili ukamalizika mwishoni mwa Juni, na Aprili na Mei ndiyo miezi ya mvua kubwa kupita yote katika mwambao ule. Mkutano mwingine huwa Novemba, nao huangukia vuli. Basi upepo unapoezua mapaa ya skuli huko Muleba na kuilaza migomba chini, yule aliyepewa dhamana ya kusema kwa niaba ya watu wale hayuko nao.

Hatumlaumu kwa kuwa Dodoma. Ndiko tulikompeleka. Tunauliza amekwenda na nini mkononi, na aliwaambia nini watu wake kabla hajaondoka.

Yako maneno ambayo wanachama wetu wanayajua kwa moyo: poleni sana ndugu zangu, tuko pamoja, Serikali yenu sikivu inalishughulikia. Maneno haya hayaezeki nyumba. Khabari aliyo nayo haki mwananchi ni nyingine kabisa. Ni njia gani imekatika na ni mtu gani mwenye kazi ya kuitengeneza. Ni kaya ngapi zimeandikwa na kamati ya maafa ya kijiji. Ni kiasi gani kimebaki katika Mfuko wa Jimbo. Mfuko huo uliwekwa na sheria ya mwaka 2009, na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe, kwa hiyo hawezi kusema kwamba hajui. Kamati za maafa nazo zimetajwa katika Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6 ya mwaka 2022. Lakini nani kati yetu aliyewahi kumwona mbunge akisimama barazani, mvua ikipiga, akamwuliza mwenyekiti wa kijiji: nionyeshe daftari lako?

Na mvua ya Kagera si ya mzaha. Bukoba hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka, kwa kuwa hewa yenye unyevu wa ziwa husukumwa usiku hadi ufuko wa magharibi, na radi huanza kabla ya alfajiri. Mto Kanoni, upitao katikati ya mji, ukifurika huingia majumbani mwa watu. Mbele ya Muleba viko visiwa: Bumbire, Ikuza, Kerebe, Goziba. Ziwa likichafuka, mgonjwa wa Goziba hana njia, maana mtumbwi haung'oi nanga.

Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa hayo. Tunakumbuka usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikienda Pemba. Iliruhusiwa kuchukua abiria mia sita na kidogo. Tume ya uchunguzi ikaja kuona kwamba ilichukua zaidi ya 2,000. Orodha ilipokuwa ya uongo, wafiwa walizunguka siku nyingi wakitafuta majina ambayo hayakuandikwa popote. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, pepo kali ziliizamisha MV Skagit karibu na Chumbe, na waziri aliyehusika, Ndugu Hamad Masoud Hamad, akajiuzulu. Huyo alikuwa mtu aliyeona kwamba cheo kina deni.

Miaka mitano kamili baada ya Spice Islander, tarehe ile ile 10 Septemba, mwaka 2016, ardhi ilitikisika Bukoba. Hiyo haikuwa dhoruba, lakini somo lake ndilo tunalolitaka. Watu wasiopungua 17 walikufa, nyumba nyingi zikaanguka, na skuli ya Ihungo ikaharibika vibaya. Bunge lilikuwa katika mkutano wake wa Septemba huko Dodoma. Mbunge wa Bukoba Mjini, Ndugu Wilfred Lwakatare, alikuwa wa CHADEMA. Wenzake wa Bukoba Vijijini na Muleba walikuwa wa CCM. Tetemeko halikumwuliza mtu kadi. Michango ikaja kutoka ndani na nje. Mwenye nyumba iliyoanguka akaamini kwamba michango ile itarudisha ukuta wake. Januari 2017 Rais John Magufuli alifika Bukoba akasema wazi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba.

Mtu anaweza kukubaliana na neno lile au asikubaliane nalo. Sisi tunaloliona baya ni kwamba watu walikaa karibu miezi minne chini ya maturubai wakingojea kitu ambacho hakikuwa kikija, na wenye kusema kwa niaba yao walipaswa kuwapa jawabu kamili mapema, wapate kujijua. Jawabu chungu la Septemba lingewafaa zaidi kuliko jawabu chungu la Januari, maana mvua za vuli zilipita katikati.

Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani katika hali mbaya ya hewa, tarehe 6 Novemba 2022, ikikaribia kutua Bukoba, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Katika watu 43, walipona 24. Maboti ya uokozi ni suali la bajeti, na bajeti hupitishwa na wabunge.

Kwa hiyo, ndugu wanachama mlioko Bukoba, Muleba na hata huku kwetu, mwezi wa kumwita mbunge ni Machi, wala si Mei. Mwiteni barazani, awe wa chama chochote. Aje na hesabu ya Mfuko wa Jimbo. Aandike mbele yenu maswali atakayoyapeleka, na aseme kama yuko tayari, maafa yakitokea, kusimama na kuomba shughuli za Bunge ziahirishwe ili jambo la dharura lijadiliwe, kanuni zinamruhusu. Karani wa tawi aweke nakala. Julai, mkutano wa bajeti ukiisha, mwiteni tena, na nakala ile iwe juu ya meza kabla hajaketi.