Mbwa mwoga wa Munigi hatapona kwa fimbo

Mbwa aliyesikia mabomu ya Januari 2025 huko Munigi hatatulia kwa kufokewa. Pikipiki ikinguruma, anajificha nyuma ya ukuta wa mawe ya volkano. Mtoto akimfuata huko, anang'atwa. Hapo ndipo hofu ya kichaa cha mbwa inaingia nyumbani. Bado wako wakaaji wanaomfunga mnyororo na kumchapa, eti azoee.

Si mbali, Rumangabo, Hifadhi ya Virunga ilianzisha kikosi cha mbwa wa kunusa mwaka 2011 ili kuwafuata majangili. Mbwa wa kazi hiyo hafundishwi kwa fimbo. Anafundishwa kwa mchezo na zawadi.

Mwenye mbwa Munigi aanze na sambaza tatu, au mfupa tu, maana chakula ni kidogo hata kwa watu. Amfichie kati ya mawe, amwache anuse mwenyewe bila kuvutwa kamba. Akiipata, kesho ifichwe mbali zaidi. Mbwa anayetafuta husahau kutetemeka. Chukudu nayo ipite kwanza mbali, yeye akila. Siku nyingine, karibu kidogo. Akirudi nyuma, asilazimishwe. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Chanjo ya kichaa, lakini, haingoji.